Vidole Viwili Kiganjani

Watu wanapiga makofi. Mmoja anafuta machozi. Mwingine amefumba macho kama yuko kwenye maombi.

Na juu yao, ananing'inia kwenye boriti kwa kamba, yupo dada wa Kijerumani ambaye mkono wake wa kushoto umekufa.

Hakuna aliyeona. Hata aliyemfunga hakuona, maana alikuwa ametanua mikono, macho ameyafumba.

Niliona mimi, nimekaa pale karibu na mlango natafuna biskuti za mchele.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana humu mtandaoni mkisikia kamba tu, akili zenu zinaondoka na basi la kwanza.

Naitwa Chizuru. Siku za kazi nakata watu nywele hapa Otsuka, Tokyo. Jumapili nafungwa kamba.

Ndiyo, nafungwa. Mtu mzima, kwa hiari yangu, nimevaa yukata yangu safi, kimono chepesi cha pamba, na napenda. Wenyewe tunaita kinbaku. Unafungwa kwa ustadi, unainuliwa hewani, watu wanatazama kimya. Wengine wanaona mapenzi, wengine wanaona sanaa. Mama Tatsuno anayeuza tofu, jibini la soya, chini ya ukumbi wetu, anaona upuuzi mtupu. Kama umeshtuka, shtuka huku unasoma.

Anayenifunga ni mwalimu wetu, Sensei Kuroiwa. Mzee wa sabini na kitu, mikono ya dhahabu, mpole mpaka anakera.

Huyu mzee hajui kumwambia mtu hapana. Hajui kabisa! Akikataa jambo, anavuta hewa kwenye meno, ssss, anainamisha kichwa upande na kusema, "Aaah, hilo nalo..." Halafu ananyamaza. Sisi tuliozaliwa huku tunaelewa, tunakusanya virago vyetu taratibu tunaondoka.

Wazungu hawaondoki.

Na walianza kuja wengi. Zamani walikuwa wanakuja mmoja mmoja, na wengine walikuwa watu kweli, wanakaa miaka, wanafagia ukumbi, wanafungwa wao kwanza ndipo wamfunge mtu. Hao nawaheshimu mpaka leo. Lakini siku hizi? Mtu anatazama video, ananunua kimono, anapanda ndege. Akirudi kwao baada ya wiki tatu anaitwa sensei.

Torsten, Mjerumani, alikuja na kundi hilo.

Siku ya kwanza alipanda ngazi, akavua viatu, akaona kamba zangu zinaning'inia jikoni. Nilikuwa nimetoka kuzichemsha. Kamba mpya ya katani lazima uichemshe, uikaushe ikiwa imevutwa, uipitishe kwenye moto iungue vinyweleo, ndipo uipake mafuta ya farasi. Kwa hiyo zilikuwa zinachuruzika maji kwenye ndoo ya kudekia.

Jamaa akapiga magoti. Akaisujudia kamba. Mpaka paji la uso likagusa sakafu ya jikoni, jamani, sakafu ambayo nilikuwa nimemwaga mchuzi asubuhi ile.

"Ewe mwalimu mtukufu," akamwambia Sensei, "mja wako nimewasili kutoka mbali."

Kijapani chake kilikuwa hivyo. Sijui alijifunzia wapi, alikuwa anaongea kama mzimu wa shujaa wa mapanga wa kale. Hata akitaka kwenda chooni, "Ewe dada, naomba ruhusa nijitenge."

Mama Tatsuno alikuwa amepandisha tofu. Akamtazama juu mpaka chini, akanivuta pembeni.

"Chizuru, huyu kafiwa, au kafa yeye mwenyewe?"

Nikamwangalia vizuri. Mweh! Kimono chake alikuwa amekikunja upande wa kulia juu ya kushoto. Huku kwetu hivyo tunamvalisha maiti akiwa anaenda kuchomwa.

Nikamwambia kwa adabu, "Kaka, umevaa kama marehemu."

Akatabasamu. "Shuleni kwetu tunafuata mtindo wa kale zaidi, dada."

Shuleni kwetu! Anamfundisha Mjapani kuvaa kimono! Nilirudi kwenye kamba zangu, nikazivuta kwa hasira mpaka zikakaribia kukatika.

Alikuja na mpenzi wake, Heike. Mwanamke mpole, mwenye macho ya kuchoka, anasema ahsante kwa kila kitu. Torsten alimtambulisha hivi: "Huyu ndiye mwili wangu wa mazoezi."

Mimi na Mama Tatsuno tuliangaliana tu.

Basi, akaanza kuhudhuria. Kila siku anamrekodi Sensei kwa simu, lakini mikono tu. Anasogeza simu karibu kabisa na vidole vya mzee. Sura yangu hakuirekodi hata mara moja. Na kila jioni anatuhutubia sisi, wenye mambo yetu, kwamba hii ni sanaa takatifu ya miaka elfu ya mashujaa wa Japani.

Sensei alikuwa anakohoa. Kufunga wafungwa kwa kamba kulikuwepo zamani, sawa. Lakini hii yetu imekulia kwenye majukwaa ya vilabu na kwenye yale majarida baba zetu waliyokuwa wanayaficha nyuma ya kabati. Utakatifu ameuleta yeye kwenye begi.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe.

Sensei akinifunga, kila hatua anaingiza vidole viwili kwenye kiganja changu. Anatulia kidogo. Mimi navibana kwa nguvu, kisha nainua mkono wangu kuanzia kwenye kifundo, kama mtu anayesimamisha gari. Nikifanya hivyo anaendelea. Siku nikibana kwa ulegevu, au kifundo kikakataa kuinuka, kamba inalegezwa papo hapo. Pale juu ya mkono kuna mshipa wa fahamu unapita karibu na mfupa. Kamba ikiukalia vibaya, mkono unalala, na unaweza usiamke kwa miezi. Wengine hauamki tena vilevile.

Kwa hiyo ananiuliza, namjibu. Mtazamaji haoni, na ndivyo tunavyotaka. Ila ndiyo kazi yenyewe.

Siku moja Heike katumwa maji dukani, Torsten akauliza.

"Ewe mwalimu, hivi vidole viwili. Je, ndipo mfungaji anapopitisha nguvu za roho yake kwenda kwa anayefungwa?"

Sensei akavuta hewa. Ssss. Kichwa upande.

"Aaah... nguvu za roho... hilo nalo..."

"Nilijua!" Torsten akapiga paja. Akageuza simu, akajirekodi hapo hapo, akiwatangazia watu wake kwamba leo mwalimu amemfunulia siri.

Nilikuja juu. "Sensei, mwambie!"

"Amesafiri mbali," mzee akaninong'oneza. "Si vizuri kumwaibisha."

Nikamgeukia mwenyewe. "Kaka Torsten, sikiliza. Hapitishi roho wala nini. Anauliza kama mkono uko hai, na mimi namjibu. Usipolisubiri jibu, utamlemaza mtu."

Alinitazama kwa huruma. Kwa huruma, nawaambia!

"Dada Chizuru," akasema polepole, "wewe unafungwa tu. Mfungaji ana mambo ambayo wewe huwezi kuyajua."

Nilitamani nimkalishe kwenye kiti changu cha saluni nimnyoe nyusi. Nikajisemea, acha wapotee, wamejitakia. Na hapo nilimweka Heike kwenye kapu moja na mwenziwe, bila hata kumuuliza jina la baba yake.

Ikafika wiki yao ya mwisho. Torsten akamwomba Sensei jina.

Kwetu mwanafunzi aliyeiva anapewa kipande cha jina la mwalimu wake. Ni kitu kizito, wengine wanasubiri miaka kumi. Sensei akavuta hewa mpaka nikafikiri meno yatatoka. "Aaah, jina... hilo nalo..."

Torsten akatoka pale akialika watu. Wazungu wenzake waliokuwa Tokyo, mtu wa kamera, na dada mmoja wa filimbi. Jumapili mchana, atamfunga Heike mbele ya wote, kisha avishwe jina.

"Sensei, umemkubalia?" nikamuuliza.

"Sikukubali," mzee akasema kwa unyonge.

"Ulikataa?"

Akavuta hewa. Ningemfanya nini sasa?

Jumapili ukumbi ulijaa. Ubani kila kona, mpaka Mama Tatsuno akapanda mbio na aproni yake akidhani tunaungua. Filimbi ikalia. Torsten akatokea na kimono chake cha maiti, akasujudia kamba, akasujudia boriti, akasujudia ukuta. Yule aliyekuwa anakwenda kufungwa hakumsujudia.

Akaanza kufunga. Mikono ilikuwa inaiga vizuri, sikatai. Kama kasuku anayejua kusema karibu. Lakini kamba ya juu ilikaa chini mno kwenye mkono wa kushoto, na alipomvuta Heike hewani, uzito wote ukaiangukia kamba hiyo.

Nikaacha kutafuna.

Torsten akaingiza vidole viwili kwenye kiganja cha Heike. Akafumba macho. Akapumua kwa sauti ili watu wasikie. Akavitoa, akatanua mikono kama kuku anayekausha mabawa, na watu wakaanza kupiga makofi.

Mkono wa Heike haukuwa umevibana vile vidole. Ulikuwa unaning'inia kutoka kwenye kifundo, umelegea kama soksi kwenye kamba ya kuanikia.

"Torsten, mshushe!" nikasema.

"Shhh!" ukumbi mzima.

"Mshushe, mkono umekufa!"

"Dada, unaharibu," akanijibu bila kufumbua macho.

Nikamwangalia Sensei. Na nyinyi mnajua alichokuwa anafanya. Ssss. Kichwa upande. Hapo nilimchukia mzee wangu kwa mara ya kwanza.

Nikainuka. Kwenye nguzo ya ukumbi wetu inaning'inia mikasi ya dharura, kila ukumbi wa kamba wenye akili unayo.

"Mama Tatsuno! Njoo umshike kiunoni!"

Mama yule amebeba ndoo za tofu maisha yake yote. Aliwapita wale Wazungu kama upepo, akamkumbatia Heike, akamnyanyua mpaka kamba ikalegea. "Kata, mwanangu, nimemshika!"

Nikakata. Filimbi ikanyamaza yenyewe.

Tukamlaza chini. Nikaweka vidole viwili kwenye kiganja chake. "Bana."

Akabana kidogo sana.

"Inua mkono."

Akautazama mkono wake. Ukabaki pale pale. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Mimi ni muuguzi," akasema. "Nilijua. Kidole gumba kilianza kufa ganzi hata kabla hajaninyanyua. Nilijua ni nini."

"Sasa mbona hukusema, dada?"

"Aliniambia Mjapani akifungwa hasemi. Nikafikiri anatia chumvi, nikakutazama wewe. Wiki zote hizi, Chizuru. Hukuwahi kufungua mdomo."

Ilinichoma, na bado inanichoma.

"Nilikuwa nasema," nikamwambia. "Kwa mkono. Muda wote nilikuwa nasema."

Alinikodolea macho. Nikamwonyesha. Vidole, bana, inua. Muuguzi yule alielewa kabla sijamaliza, akageuza uso ukutani.

Mnadhani Torsten alikuwa wapi muda huo? Alikuwa amepiga magoti, ameshika vipande viwili vya kamba.

"Umeikata!" akanipigia kelele, na kile Kijapani cha mizimu kikamtoka kabisa. "Kamba aliyoigusa Sensei! Muombe Sensei radhi! Sasa hivi!"

Watu wote wakamgeukia mzee. Sensei akavuta hewa.

Halafu akaitoa.

"Hapana," akasema.

"Umesemaje, mzee?" Mama Tatsuno akauliza, kweli hakuamini.

"Nimesema hapana. Chizuru haombi radhi. Na jina sikupi, Torsten. Sikukupa mwezi huu wala sitakupa mwakani. Hiyo ni kamba tu, nitachemsha nyingine. Mkono wa huyu mama utauchemsha wapi?"

Kisha mzee akaenda pale Heike alipolala, akapiga magoti na kuinama mpaka chini. "Nilipaswa kusema siku ile ya kwanza," akamwambia. "Niliona aibu ya kumwaibisha. Nisamehe."

Nikampeleka Heike hospitali. Daktari akasema mshipa umebanwa, haujakatika, utarudi pengine, taratibu, usiharakishwe. Torsten hakuja. Alikuwa anamtafuta mtu wa kamera amsimulie upya kilichotokea.

Heike alirudi kwao akiwa na mkono uliofungwa kwenye gango, na bila Torsten. Tukawa tunaandikiana. Kazi ya kuchoma sindano hakuweza, walimweka mapokezi. Majira ya baridi yakapita. Maua yalipoanza kuchanua akanitumia video fupi, anaokota maharage kwa vijiti, moja moja, kwa mkono wa kushoto. Nililia mbele ya mteja mwenye dawa kichwani.

Mwisho wa ujumbe akaongeza, "Sasa kaa chini utazame hii nyingine. Mwite na Sensei."

Tukatazama jikoni, mimi, mzee na Mama Tatsuno.

Alikuwa Torsten. Ana shule yake sasa, ukumbi mkubwa, watu wamejaa, wote na vimono. Wote wamevikunja kulia juu ya kushoto. Ukumbi mzima wa maiti!

Akamfunga binti mmoja, akampandisha. Vidole viwili, macho yamefumbwa, pumzi ya nguvu. Makofi.

Ghafla mwanamke mmoja akaruka kutoka karibu na mlango akipiga kelele, ameshika mikasi iliyopakwa rangi ya dhahabu. Nyuma yake mwingine, mnene, akakimbia na kumkumbatia yule binti kiunoni.

Alikuwa amevaa aproni.

"Huyo ni mimi?" Mama Tatsuno akauliza.

Kamba ikakatwa. Torsten akapiga magoti, akavuta hewa kwenye meno, ssss, na ukumbi mzima ukaitika kwa sauti moja, kwa Kijapani, "HAPANA!"

Chini ya video ameandika kwamba hiyo ni ibada ya siri ya kufunga hafla, aliyoachiwa na mwalimu wake Tokyo.

Sensei alicheka mpaka akaegemea friji. Mama Tatsuno alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sina mbavu. Halafu mzee akaacha kucheka ghafla.

"Rudisha nyuma," akasema. "Hapo. Angalia mkono."

Mkono wa kushoto wa yule binti ulikuwa umelegea kwenye kifundo. Ulikuwa umelegea tangu kwenye makofi ya kwanza.

Sensei akaniomba nimrekodi. Yeye, ambaye hata simu ya mezani inamtisha. Akakaa wima, akaonyesha vidole viwili kwenye kiganja changu, akaeleza ni swali na linajibiwaje, akasema mtu yule hakuachiwa kitu hapa. Heike akatafsiri. Tukaiweka pale pale, chini ya video ya Torsten.

Majibu yakaja haraka. La kwanza liliandikwa na mwanafunzi wa Torsten, lina mioyo mingi kuliko video yetu yote.

"Mzee huyu haelewi mila za Kijapani."

Mama Tatsuno alitaka apewe simu amtukane kwa kilugha cha kijijini kwao. Tukamzuia.

Mengine yalikuwa hayo hayo. Mzee ana wivu, mzee amepitwa na wakati. Mpaka nikafika chini kabisa, kwenye maneno mafupi ambayo hayakuwa na moyo hata mmoja. Yaliandikwa na binti aliyekuwa kwenye kamba.

"Mkono wangu ndio huo. Tangu siku ile siwezi kushika kijiko. Torsten anasema ni nguvu za roho zinakaa sawa. Nisubiri?"

Nikaanza kuandika. Heike alikuwa ameshanitangulia.

"Usisubiri. Nenda hospitali sasa hivi. Na yeye usimuulize tena."

Funzo langu ni fupi, na sitalisema kwa upole, maana upole ndio ulitufikisha hapa. Ukipenda kitu cha watu, chukua, hatukunyimi. Lakini kabla hujavaa kimono na kusujudia ndoo yangu ya kudekia, muulize anayefungwa, kisha nyamaza umsikilize. Na wewe unayekijua, ukiona mtu anakikosea mbele yako, mwambie hapana siku hiyo hiyo, hata kama amesafiri mbali.

Yule binti alijibu kesho yake. Aliandika kwa mkono wa kulia peke yake, akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema yuko kwenye foleni ya daktari.